Vidonge Vinne vya Haji Baluku

Kambi ya barabara, nje ya Kitgum
3 Septemba 2017

Dada yangu Asmah,

Assalaam alaykum, wewe na wote waliomo nyumbani, pamoja na wale waliokuja kwa Baba kunywa kahawa mwezi uliopita na mpaka leo hawajaondoka, maana najua wapo. Mimi ni mzima kuanzia magotini kwenda chini. Kuanzia magotini kwenda juu ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza usihangaike kunipigia simu. Simu yangu ilichomoka mfukoni nikiwa nimeinama, ikaingia kwenye lami ya moto, na kabla sijapiga kelele mashine ya kushindilia ilikuwa imeshapita. Sasa ni sehemu ya barabara ya serikali. Wenzangu wana simu, lakini mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu hicho msimamizi wetu amekifanya ofisi. Msimamizi huyo alikuwa jeshini. Tunamwita Afande, na hata akikuomba kijiko unajikuta umesimama wima. Kwa hiyo barua zetu zitapita kwa Shafik wa lori la chumvi, ambaye hana haraka, na hasomi barua za watu isipokuwa zikiwa wazi.

Kazi ni ile ile, koleo na lami, jua juu na moto chini. Nimechoka, dada, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Lakini sasa kimeongezeka kitu. Nikiinama kuchota na kuinuka, dunia inainuka pamoja nami, halafu mimi nasimama na yenyewe inaendelea kupanda. Na mkojo! Asubuhi nzima nakwenda porini na kurudi. Afande ananipigia kelele mbele ya watu, akiniita kwa jina la kwetu: "Wewe Bukonzo! Kibofu yako iko na tundu?" Na Aber, mama Mwacholi anayetupikia, mwenye mikono ya fundi chuma na ulimi unaoizidi hiyo mikono, amesema, "Muacheni. Huyu si mgonjwa, huyu ni wingu."

Wewe ni nesi. Niambie ni ugonjwa gani huo. Afande amesema nikianguka tena karibu na mashine atanirudisha nyumbani, na nyumbani siwezi kurudi mikono mitupu.

Mwambie Baba mzigo wake umefika salama na naufuata kila asubuhi kama alivyoagiza. Usimuulize mzigo gani. Ni mambo ya baba na mtoto wa kiume, na nimemwahidi.

Ni mimi mdogo wako, ninayeandika nimekaa chini ili nisianguke,
Wahab


Bwera
21 Septemba 2017

Mdogo wangu Wahab,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika ikiwa na chumvi mpaka kwenye mikunjo. Mama yetu Naimah anakusalimu, mgongo wake umepona, na amegombana na jogoo. Kahawa ya huku imeanza kuiva. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha, na Baba amempa mmoja Mzee Eridadi, yule wa kahawa, kwa sababu Eridadi alimsifu. Unamjua Baba, ukisifu kitu chake unaondoka nacho. Umesahau mwaka ule fundi mmoja kutoka Kyondo alipousifu mlango? Tulilala na pazia.

Sasa jambo lenyewe. Presha ya Baba haishuki.

Unajua kliniki ya Kasese inanituma nyumba kwa nyumba huku Bwera na Karambi, na Baba naye yumo katika wagonjwa wangu, kwa kuwa nesi mwingine wa huku hakuna. Kopo la vidonge linaletwa kila mwezi kwa boda, analiweka mwenyewe chini ya kitanda. Mimi napita mara mbili kwa wiki kumpima na kumwangalia akimeza. Nasema kumwangalia, lakini nyumba yetu unaijua. Tangu enzi za babu, mzee akimeza dawa watoto wanageuza uso ukutani. Kwa wagonjwa wengine mimi ni nesi, nawaambia "toa ulimi" na wanautoa. Kwa Baba namkabidhi vidonge, nageuka, natazama kalenda, Baba anasema "Alhamdulillahi," nami nageuka tena. Kalenda hiyo naweza kukusomea nikiwa nimefumba macho.

Dokta Muhwezi wa kliniki si mtu mbaya. Akisikia presha haishuki, anaongeza. Nusu kidonge kikawa kimoja, kimoja kikawa viwili. Mwezi huu ameandika vile vyekundu vinne kwa mpigo, na juu yake viwili vyeupe vya kukojoza maji mwilini. Wahab, sijawahi kumpa mzee wa umri wa Baba kiasi hicho. Vitaishusha presha, ndiyo, na Baba mwenyewe vitamshusha mpaka kaburini. Nikampigia.

"Daktari, dozi hii naiogopa."

"Na presha yake, Sista, huiogopi?"

"Naviogopa vyote viwili."

"Basi ukiogopa vyote viwili, mpe. Hofu moja itapungua."

Sikucheka. Kopo jipya limeshafika, lakini nimemwambia Baba aendelee na viwili mpaka nielewe kinachotokea. Usingizi sipati.

Kuhusu kizunguzungu chako, kunywa maji mengi na usiinuke kwa haraka. Kinachonishangaza ni kwamba dalili zako ni za mtu anayemeza dawa za presha bila kuwa na presha. Lakini huko Kitgum nani angekupa dawa hizo? Na kama mzigo wa Baba ni ule ugoro wake, utupe leo hii.

Dada yako anayekuombea usimame,
Asmah


Kambi ya barabara
8 Oktoba 2017

Dada Asmah,

Salamu nyingi kama mawe ya barabara hii. Nimefurahi mapacha wamezaliwa. Huyo pacha aliyebaki mfiche, asije mgeni akamsifu.

Barua yako nimeisoma yote, isipokuwa mstari mmoja karibu na mwisho, ule unaoanza na "Kinachonishangaza," ambao Aber aliuwekea sufuria yenye masizi juu yake.

Kuhusu Baba, nakwambia kwa uwazi kwa sababu mimi sijui kuzungusha maneno. Umekosea. Yeye ni daktari, wewe ni nesi. Mkubwa akisema, mdogo anafanya. Hapa kwetu juzi Afande alisema tuchimbe mtaro wa maji ya mvua kutoka barabarani, upite nyuma ya jiko. Sisi wote tuliona kama mtaro unapanda badala ya kushuka. Lakini Afande aliupima kwa jicho, akiwa ameshika mti kwa mkono mmoja, maana siku hizi anapenda kushika miti, akasema, "Hapa! Chimba!" Nani atauliza? Tukachimba. Amri ni amri. Nchi inajengwa hivyo.

Kwa hiyo mpe Baba vidonge vyake vinne. Akiongezewa yeye hata mimi naongezewa, yaani furaha.

Hali yangu imekuwa mbaya kidogo. Kopo lililofika mwisho lilikuwa kubwa, yaani mzigo, na tangu hapo nimelala mara moja ndani ya toroli bila kukusudia. Wenzangu walinisukuma mpaka kwenye kifusi kabla ya kugundua kwamba si mchanga. Aber alinimwagia maji ya kuoshea maharagwe. Jambo zuri ni kwamba Afande hakunifukuza. Siku hizi amekuwa mpole kwangu, ananiita "mwanangu," na tunakunywa chai ya asubuhi pamoja chini ya kichuguu. Mtu akiwa na baba mwenye hekima hujua namna ya kuishi na wakubwa. Zaidi ya hapo sisemi.

Ni mimi mtiifu wa amri,
Wahab


Bwera
30 Oktoba 2017

Wahab,

Swali moja, na ulijibu kabla ya salamu: vitu anavyokutumia Baba ni ugoro, au ni vidonge vidogo vyekundu na vyeupe?

Sasa nakusalimu. Mama mzima. Jogoo ameliwa.

Nikueleze. Jumapili iliyopita kanisani kwao, watu waliposimama kuimba, Mzee Eridadi alisimama nao, akaimba neno la kwanza, na neno la pili akaliimba akiwa chini ya benchi. Wakasema ni Roho. Ijumaa nilikuwa msikitini upande wa wanawake, nikachungulia kwenye pazia. Wallahi, Wahab, safu nzima ya wazee nyuma ya Baba walipoinuka kutoka kwenye sijda waliyumba kama migomba, kushoto, kisha kulia. Mzee Benon, unamjua, penye mkusanyiko wowote hakosi, aliamua kubaki pale pale chini mpaka imamu akamaliza. Baba peke yake ndiye aliyesimama imara kama nguzo ya umeme, uso mwekundu, presha imejaa tele.

Nilidhani ni unga wa muhogo umeoza. Nikaenda na kipimo changu nyumba kwa nyumba. Wazee wote presha iko chini kama ya kuku. Nikawa naulizia sokoni mpakani walikonunua unga, na Elise, yule Mkongomani anayeuza sombe, kisamvu chao, akanitazama kwa huruma.

"Mama nesi, unatafuta nini mu bunga? Pale kwa baba yako beko wanakula dawa kila mangaribi. Iko mu kisahani, pembeni ya karanga. Hata mie walinipatia kamoja. Nililala juu ya sombe yangu, watu wakabeba bure."

Nikaenda kwa Baba. Kilikuwepo kisahani, Wahab. Kile chenye maua, cha wageni.

"Baba, dawa zako unazigawa?"

"Kitu kimeingia nyumbani mwangu. Eridadi kichwa kinamuuma, Benon miguu inamuuma. Nile peke yangu wao wakinitazama? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hukufundishwa?"

"Na wewe unameza?"

"Mimi nameza kinachobaki."

"Na huwa kinabaki?"

"Mungu akipenda."

Sasa unaona? Baba hamezi hata kimoja. Daktari anaongeza, kopo linakuwa kubwa, wageni wanapata zaidi, Baba presha ipo pale pale, daktari anaongeza tena. Kijiji kizima kinatibiwa isipokuwa mgonjwa.

Nikampigia Dokta Muhwezi na kumweleza kwamba Baba hamezi; ya kisahani niliona haya kuyataja. Akasema, "Sista, mwanzo ulisema dozi ni kubwa mno. Leo unasema hamezi kabisa. Chagua moja." Ameleta amri kwa maandishi na sahihi yake kwamba nesi asimame mbele ya mgonjwa mpaka vinne na viwili vimezwe vyote. Jumamosi ya pili ya Novemba atakuja mwenyewe kutazama. Nikikataa, anampa kazi yangu mwingine.

Kazi nitalia nayo baadaye. Ninachoogopa ni Baba. Amesema daktari akija atavimeza vyote mbele yake, kimoja kimoja, kwa sababu hataki kuitwa mwongo ndani ya nyumba yake. Mwili ambao haujawahi kuonja hata nusu, upokee vinne kwa mara moja! Na amenionya: "Ukinifichua mbele ya mgeni, tafuta baba mwingine." Ukiandika kwamba na wewe unapata vidonge hivyo, nitamwonyesha daktari maneno ya mtoto wa kiume, labda atasikia. Fanya haraka. Usimeze tena hata kimoja.

Asmah


Kambi ya barabara
12 Novemba 2017

Ndiyo.

Sasa salamu, dada, kama zina maana tena. Lori la Shafik lilivunjika ekseli njiani, barua yako nimeipata leo asubuhi, na Jumamosi uliyoitaja ilikuwa jana. Sijui naandikia nyumba yenye baba au nyumba yenye matanga. Nimepanda kichuguu kutafuta simu, Afande alikuwa amelala juu yake, na mtandao nao ulikuwa umelala. Nikakaa pale nikalia kidogo, si sana, maana maji yangu mengi yalishatoka kwa njia nyingine.

Ndiyo, ni vyekundu na vyeupe. Nilipomlalamikia Baba uchovu, mwezi wa saba, alinitumia kopo na maneno haya: "Hizi ni za nguvu, zinatoka kwa daktari msomi, meza usimwambie dada yako, atakunyang'anya." Nilimeza kwa sababu zilitoka kwa baba yangu. Ningejua zilitoka kwenye moyo wake, ningezirudisha hata kwa miguu.

Na ile barua yangu ya amri ni amri, ichome. Mvua kubwa ilinyesha wiki iliyopita. Maji yakaingia kwenye mtaro ule unaopanda, yakafika katikati, yakafikiri, yakageuka na kuja jikoni. Sufuria ya posho iliondoka ikielea, Aber akiifuata na mwiko kama mtu anayefuata mbuzi. Alipoikamata alirudi akiwa na matope mpaka kifuani, akatupanga mstari, hata Afande, akauliza, "Mlipochimba, nani kati yenu aliona unapanda?"

Tukasema sote tuliona.

"Na nani aliuliza?"

Tulikula mihogo mibichi jioni hiyo. Nilitafuna nikikukumbuka wewe. Ulikuwa umeuliza, na mimi mdogo wako nikakwambia unyamaze.

Kopo nampa Shafik alirudishe. Mwambie Baba, kama yupo wa kuambiwa, kwamba ameniua kwa upendo lakini sijafa.

Wahab


Bwera
29 Novemba 2017

Mdogo wangu mpenzi Wahab,

Baba yupo. Nimeanza na hilo ili upumue. Yupo, anakula, na wakati naandika anabishana na Mama kuhusu kuku.

Jibu lako lilifika baada ya kila kitu, likanikuta sina kazi nalo ila kulia na kucheka. Sikiliza ilivyokuwa.

Jumamosi ile Dokta Muhwezi alifika na gari la kliniki, viatu vimejaa vumbi la Mpondwe, uso wa mtu aliyekuja kumaliza jambo. Wazee wote walikuwepo, kwa sababu Baba akitarajia mgeni anaalika wengine wasaidie kumkaribisha. Mama alikuwa anachemsha kahawa. Daktari akavimimina vidonge kwenye kiganja cha Baba, vinne vyekundu na viwili vyeupe, akanigeukia.

"Sista, simama hapa. Tazama."

Baba alikuwa amekwisha sema bismillahi. Nikasema, "Daktari, sitatazama na sitampa. Amri hii ikitekelezwa leo, hii kahawa itakuwa ya matanga. Niondoe kazini kesho, lakini leo, kabla hajameza, mpime Mzee Eridadi."

"Eridadi si mgonjwa wangu."

"Ni mgonjwa wako, daktari. Hujui tu."

Baba aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipovunja redio yake. Lakini daktari, nampa haki yake, alitoa kipimo. Akampima Eridadi, akakitikisa kipimo, akampima tena. Akampima Benon, ambaye alimpa mkono akiwa tayari amelala. Daktari akavua miwani.

"Wazee hawa wote wana presha ya mtu aliyezimia," akasema. "Mnakula nini hapa?"

Mimi nilinyamaza, Wahab. Sikumfichua Baba. Nilikuwa nimeshasema yangu, na hilo lilikuwa lake. Wazee wakatazama dari. Eridadi akakohoa kikohozi kirefu kuliko kinavyohitajika.

Hapo Mama akaleta kahawa. Na hapo, mdogo wangu, tabia ya Baba ikamshinda nguvu. Mgeni amekaa, kikombe mkononi, na hana cha kutafuna, karanga zilikuwa zimekwisha, wazee walizimaliza wakingoja. Baba akatazama kikombe cha mgeni. Akatazama kiganja chake. Niliona kabisa anavyopigana na nafsi yake, na niliona anavyoshindwa. Akakivuta kile kisahani chenye maua, akavimimina vidonge vyote, akamsogezea Dokta Muhwezi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu daktari. Huwezi kukaa kwangu mikono mitupu. Chukua hata kimoja."

Na Mzee Benon, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono akachukua chake kabla ya mgeni.

Daktari alitazama kisahani. Akamtazama Benon. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali, akaketi chini mkekani. Alipopata sauti akasema, "Haji, nani amekufundisha hivi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Baba, kwa heshima.

"Lakini hapa kwako wageni wanapona mpaka wanaanguka, na mwenyeji haponi!"

Baba akafikiri. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alilifikiria. "Hilo," akasema taratibu, "ni kweli."

Daktari akampokonya Benon kidonge, akaichana ile amri vipande viwili. Hakucheka tena. Akanivuta pembeni penye mbuzi, akasema, "Sista, ningemuua mzee yule kwa mkono wangu, na ningeandika kwamba ni presha." Nikasema nashukuru amesikia. Akasema, "Siku nyingine ukinipinga, nipinge kwa sauti hiyo hiyo, lakini tangu siku ya kwanza." Kisha akaniuliza kama kuna karanga popote Bwera, kwa sababu ana njaa.

Sasa Baba ameanza upya, kimoja tu, asubuhi. Na kwa kuwa mimi bado ni mtoto wake na siwezi kumtazama kinywa, tumempa kazi hiyo Mzee Eridadi. Kila alfajiri anakuja, anasimama mbele ya Baba na kumwambia, "Haji, fungua. Ulimi. Upande huu. Na huu." Baba anasema "Alhamdulillahi," Eridadi anasema "Amina," nami nasikiliza nikiwa nimegeukia kalenda. Wiki ya pili presha ilishuka. Kidonge kimoja! Vizuri, hakisumbui, kinafanya kazi yake. Tulichohitaji ni kumeza.

Kisahani kina karanga. Baba alinuna wiki mbili, mkono wa kupimwa akinipa bila kusema nami, kisha jana akaniambia, "Nesi, njoo unipime," na nilipomaliza akasema, "Una mkono mzuri, binti yangu." Nikasifu koti lake ili aongee zaidi. Nimeondoka nalo.

Jambo moja limebaki. Kopo ulilolirudisha Shafik amenipa, na ndani mna vidonge vya kuhesabika kwa vidole. Baba amekiri kwamba alikutumia vingi. Wewe uliandika kwamba unaufuata mzigo kila asubuhi, lakini mtu angemeza vyote vile asingeandika barua. Tena Shafik anasema huyo Afande wako, aliyekuwa mkali kama pilipili ya Katwe, miezi hii alikuwa anatembea akishika miti, analala juu ya kichuguu mchana kweupe, na alikupenda ghafla. Wahab, wewe ni mtoto wa Haji Baluku. Ulifanya nini na vidonge vingine?

Dada yako ambaye bado ana kazi,
Asmah


Kambi ya barabara
17 Desemba 2017

Dada yangu Asmah,

Alhamdulillahi kwa ajili ya Baba. Nilisoma mpaka pale kwenye kisahani nikamsomea Aber, akacheka mpaka akaunguza maharagwe, tukayala hivyo hivyo kwa furaha. Mwambie Mzee Eridadi nitamletea kofia. Mwambie Baba namsamehe, na aniombee.

Mimi nimesimama. Naweza kuinama na kuinuka na dunia inabaki mahali pake. Uchovu upo, huo ni wa kazi, hauna dawa. Porini nakwenda asubuhi na jioni kama mtu yeyote. Mtaro tumeuchimba upya, safari hii mimi niliuliza. Niliogopa kama wewe, nikasema kwa sauti, "Afande, naona unapanda." Akainama, akatazama muda mrefu, akasema, "Kweli. Nani mujinga alipima hii?" Hakuna aliyemkumbusha.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Mimi niliacha shule darasa la tano, na maswali marefu hunichosha. Ninachoweza kusema ni kwamba Afande ni mzima kabisa. Hashiki mti wowote. Amerudi kuwa mkali kama zamani, na kambi nzima inasikitika. Jana asubuhi, wakati wa chai, alinipigia kelele kutoka juu ya kichuguu, kila mtu akasikia:

"Wewe Bukonzo! Ile kitu ulikuwa unanipatia na chai, iko wapi?"

Nimemwambia imekwisha. Dada, tuma karanga. Tuma nyingi, na haraka.

Mdogo wako,
Wahab